Bahari Isiyokupwa: Siku Nane Kisiwani Grenada

Jioni ya kwanza tulipofika ufuo wa Grand Anse nilivua makubadhi yangu nikayapandisha juu kabisa ya mchanga, nikayaweka kwenye mizizi ya mkungu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolelewa: mtu haachi viatu vyake karibu na maji asiyoyajua majira yake. Wenzangu watatu waliacha vyao hatua tano tu kutoka kwenye povu, wakaingia majini wakipiga kelele kama watoto waliotoroka chuoni. Mimi nilikaa. Niliuangalia mstari wa unyevu mchangani, nikasubiri nione kama maji yanajaa au yanakupwa. Nilisubiri mpaka jua likazama, na mstari ule ulikuwa bado uko palepale nilipoukuta.

Lazima nieleze kidogo nilikotoka, la sivyo kisa cha makubadhi kitaonekana cha kijinga. Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako bahari ina zamu zake kama mlinzi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa pwani yetu ni bapa, maji yakipwa huwa yameondoka kweli: huenda zaidi ya kilomita moja, hadi karibu na mwamba, yakaacha nyuma uwanja wa mchanga, majani na vidimbwi. Hapo ndipo wanawake wanaposhuka. Kilimo cha mwani kilipoanza upande wetu mnamo 1989, mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuchomeka vigingi, na mpaka leo analiita lile eneo shamba, wala hasemi bahari. Utoto wangu wote bahari ilikuwa mahali pa kwenda na kitu na kurudi na kitu: kwenda na kamba, kurudi na gunia, kwenda na kijiti, kurudi na pweza. Bahari ninaijua kwa nyayo. Najua mahali penye shokomzi na mahali ambapo mchanga humeza mguu. Lakini kuogelea sijui, wala sioni haya kulisema, maana wanawake wengi wa pwani yetu wako kama mimi: tunashuka maji yakiwa magotini na tunapanda yanapofika kiunoni.

Sasa naishi Toronto, huu mwaka wa kumi na moja, nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Marafiki niliosafiri nao nao wanaishi huko, na tumezoea kuitana kwa miji tuliyotoka, mzaha ulioanza zamani na ambao sasa hakuna anayeuona kuwa ni mzaha. Mombasa ni mhasibu kwa kazi na mpishi kwa moyo. Bujumbura anaendesha basi la shule. Dodoma, ambaye ndiye mkubwa wetu na hutanguliziwa Dada kila anapotajwa, ni muuguzi wa zamu za usiku. Mimi kwao ni Unguja. Januari ilipokuwa katikati na theluji imefika kwenye kingo za madirisha ya chini, Dada Dodoma alisema kwa sauti ya upole sana, ile inayotisha kuliko ya ukali, kwamba akikwangua barafu ya kioo cha gari asubuhi nyingine moja atakaa chini barabarani na kulia. Siku ileile tukaanza kutafuta tiketi.

Aliyechagua Grenada ni Mombasa. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kwenda kisiwa ambacho bendera yake haina kitu cha kutia chunguni, na bendera ya Grenada, kwa wasioijua, ina kungumanga iliyochorwa kwenye pembetatu ya kijani, upande wa mlingoti. Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 344 ukijumlisha na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique, kwa hiyo inaingia mara kadhaa ndani ya Unguja peke yake. Kutoka Toronto ndege ya moja kwa moja huchukua kiasi cha saa tano na nusu. Uwanja una jina la Maurice Bishop, waziri mkuu wa mapinduzi ya 1979, aliyeuawa na watu wa upande wake mwenyewe ndani ya ngome ya mji mkuu tarehe 19 Oktoba 1983, siku sita kabla ya majeshi ya Marekani kukivamia kisiwa. Dada Dodoma, ambaye anaikumbuka habari hiyo ikisomwa redioni alipokuwa msichana, alisimama mbele ya jina lile ukumbini kwa muda mrefu, mpaka tukamwambia mizigo imetoka.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa imetangazwa kuwa iko hatua chache kutoka ufuoni. Hilo halikuwa uongo, ila hatua zenyewe zilikuwa ngazi za saruji zinazopanda kilima, na Bujumbura alizihesabu: 186. Wakala aliyetupangisha alipopigiwa simu alitujibu kwamba upepo wa huko juu ni mzuri. Nakiri kuwa ulikuwa mzuri.

Nirudi kwenye maji. Asubuhi ya pili nilishuka mapema peke yangu, nikachomeka kijiti pale ambapo wimbi la mwisho lilikuwa likifika, nikarudi kuchungulia baada ya saa moja, kisha baada ya saa tatu, kisha adhuhuri. Kijiti kilisimama pale pale, miguu yake ikilowana kidogo na kukauka kidogo. Hatimaye nilimuuliza muuza madafu aliyekuwa ameegesha mkokoteni wake kivulini ni saa ngapi maji hukupwa. Alinitazama, akaitazama bahari, akanitazama tena, akasema, "Lakini si hayo hapo, mama?" Baadaye nilipata maelezo. Bahari ya Karibi imezungukwa na bara upande mmoja na mkufu wa visiwa upande mwingine, na nguvu ya mwezi inayosukuma maji katika Bahari ya Hindi haipati nafasi ya kufanya kazi hiyo humo. Tofauti ya kujaa na kupwa pale Grenada kwa kawaida ni kama nusu mita, mara nyingi pungufu. Kwa mtu wa Jambiani hiyo si kupwa, hiyo ni kupumua.

Niliwaeleza wenzangu ugunduzi wangu wakati wa chakula cha mchana kwa shauku ambayo haikupata wa kuipokea. Mombasa alikubali kuwa ni ajabu. Dada Dodoma alisema kwao hakuna bahari ya kukupwa wala ya kutokukupwa. Bujumbura, aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alicheka mpaka akashika meza. "Unguja," aliniambia, "maji yaliyotulia mahali pake ndiyo maji ya kawaida. Hii ni Tanganyika iliyotiwa chumvi. Nyinyi ndio wenye maji yenye matatizo."

Kwa kweli shida yangu ilikuwa kwamba bahari isiyokupwa haimpi mtu kama mimi mahali pa kusimama. Grand Anse ina urefu wa karibu kilomita 3, mchanga wake ni mweupe na laini, maji yake ni ya buluu isiyo na uchafu, mawimbi yake ni madogo kwa kuwa ufuo umeelekea magharibi na umeupa mgongo upepo wa Atlantiki. Kila kitu kiko kama kwenye picha. Lakini hakuna mwamba wa kutembelea, hakuna kidimbwi cha kuchungulia, hakuna cha kuokota, na ukienda hatua kumi na tano mbele maji yako kifuani na yataendelea kuwa kifuani saa zote. Siku mbili za mwanzo nilikuwa nikiingia mpaka magotini, nasimama kidogo, natoka. Nilijihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kuambiwa akae, asiguse kitu.

Wala si mimi peke yangu niliyeshindwa kupumzika. Dada Dodoma alikuja na ratiba iliyoandikwa kwa kalamu mbili za rangi, yenye kifungua kinywa saa mbili, ufuo saa tatu, maporomoko ya maji saa saba, na kila mahali pamewekewa dakika za akiba, kama mtu anayepanga dawa za wodi nzima. Mombasa alikuwa akifungua barua pepe za kazi chini ya mwavuli na kusema anaangalia hali ya hewa. Bujumbura aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa sababu ndiyo saa ambayo mwili wake huamka kwenda kulipasha moto basi. Siku ya pili tuliisimamia ratiba mpaka saa saba, tukiwa tumepanda na kushuka zile ngazi mara tatu, tukagombana kwa sababu ya taulo. Jioni hiyo Dada alikunja karatasi yake akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza, na huko ndiko iliko hadi leo kama hawajaiondoa.

Tangu hapo mambo yakalegea. Kitu kimoja kilichonisaidia, na ambacho sikukitarajia, ni saa. Grenada iko nyuzi 12 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua lake huchomoza na kutua karibu na wakati uleule mwaka mzima, na saa zetu za Kiswahili zinafanya kazi. Huko Toronto mtu anaposema saa kumi na mbili jioni anataja tarakimu tu, maana Februari giza limeshaingia na Juni jua liko utosini bado. Pale Grenada saa kumi na mbili jioni ilikuwa jioni hasa, jua likigusa maji mbele ya macho yetu. Mwezi mmoja kama huo, nadhani, ungetosha kunirudishia mwili wangu wote kwenye mstari.

Siku ya tatu tukapanda basi kwenda mji mkuu, St. George's. Magari ni ya abiria kumi na kitu, yana utingo anayening'inia na muziki unaotikisa viti, yanapita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu, na anayetaka kushuka hugonga bodi la gari kwa kifundo cha kidole. Mombasa aliingia la kwanza, akakaa, na watu wote wakanyamaza. Akaingia bibi mmoja mzee nyuma yake akasema "Good morning" kwa gari zima, na gari zima likamwitikia. Tukaelewa kosa letu. Kule kuingia mahali penye watu bila kuwasalimu ni utovu wa adabu, na tangu siku ile hatukulirudia. Hata usiku husalimiana kwa "Good night" wanapokutana, siyo wanapoagana. Utingo aliposikia kuwa Mombasa anatoka Kenya aliacha kukusanya nauli akaanza kuzungumza riadha, akataka kujua kama tunamjua Kirani James. Tulimjua. Huyo ndiye kijana wa miaka 19 aliyeshinda mita 400 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Grenada. Dhahabu, utingo alisisitiza, na hakututoza nauli mpaka tuliporudia neno hilo.

Sokoni ndipo nilipopata kitu cha kushika mkononi. Wanawake wanauza mikufu ya viungo ya kutundika jikoni: kungumanga, mdalasini, karafuu, vimefungwa kwa uzi pamoja na majani makavu. Niliinua kungumanga iliyokuwa bado na basibasi yake, ile nyama nyekundu inayoikumbatia mbegu kama wavu, nikainusa, na muuzaji akaanza kunieleza ni kitu gani. Nilimwacha amalize kwa heshima. Kisha nikamwambia kwetu hukwanguliwa kwenye uji na chai ya viungo, na bibi yangu alikuwa akiifungia kwenye pindo la kanga kama fedha. Aliniuliza kama kwetu wanatengeneza jamu ya lile ganda nene la nje. Nikasema hapana, nyumbani kwetu tulikuwa tukilitupa. Alinyamaza kidogo kwa masikitiko ya kweli, kama niliyemwambia tunatupa watoto, akafungua chupa akanionjesha. Basi nimerudi na chupa nne za jamu, na moja imekwisha tayari.

Kungumanga si ya asili ya kule, kama ambavyo karafuu si ya asili ya Unguja na Pemba. Zote mbili zimetoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Inasemwa ilifika Grenada mnamo 1843, ikapenda udongo wa volkano, na kabla ya 2004 nchi hii ndogo ilikuwa ya pili duniani kwa kuiuza, nyuma ya Indonesia tu. Septemba ya mwaka huo kimbunga Ivan kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga na kuezua mapaa ya nyumba karibu zote. Mkungumanga uliopandwa leo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na wazee wengi hawakuwa na miaka hiyo. Kisha tarehe 1 Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl, kikatua Carriacou na kukivuruga kisiwa hicho. Watu wa pale hawahesabu wakati kwa miaka peke yake. Husema kabla ya Ivan, baada ya Ivan.

Ijumaa tulikwenda Gouyave, mji wa wavuvi upande wa magharibi, ambao ndio kwao Kirani James, kwa ajili ya samaki wanaochomwa mtaani kila Ijumaa usiku. Tulifika mchana ili tuone ghala la kungumanga kwanza. Ni jengo la mbao lenye ghorofa, harufu yake hukukuta barabarani, na ndani kuna matrei marefu ambamo kungumanga hukaushwa kwa wiki kadhaa zikigeuzwa kwa reki. Mama aliyetutembeza alituonyesha jinsi wanavyozichambua: mbegu zilizobanguliwa hutiwa majini, zile nzito zinazozama ndizo za daraja la kwanza, na zile nyepesi zinazoelea huwekwa kando kwa kukamuliwa mafuta. Mombasa alinigeukia. Wakati huo nilikuwa na siku mbili nikifundishwa kuelea. "Basi umefaulu, shoga," alisema. "Hujaelea hata mara moja. Wewe ni daraja la kwanza."

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya Bujumbura, na alikuwa mwalimu mkali. Alinipeleka mpaka maji ya kifuani, leso yangu nimeifunga juu ya suruali na blauzi ya kuogelea, akaniambia nilale chali kama kitandani. Nililala, miguu ikazama, nikashika shingo yake. Akanitoa mikono. Nikalala tena, nikameza maji. "Unakaza shingo kama mtu aliyebeba ndoo," alisema. "Hakuna ndoo. Iweke chini." Nilimwambia nimeshabeba ndoo miaka mingi, shingo haijui jambo jingine. Akasema chumvi inabeba mtu bure, kwamba yeye ilimbidi ajifunze kwenye maji baridi ya ziwa yasiyosaidia mtu, na kwamba mimi nakataa msaada niliopewa na Mungu. Kila siku asubuhi tulikwenda hivyo nusu saa. Dada Dodoma, ambaye alikuwa hajawahi kuingia baharini maishani mwake, siku ya pili tu aliinua miguu akaelea kama jani, mikono imekunjwa tumboni, akawa anatuuliza kwa nini tunalifanya jambo hili kuwa gumu.

Tarehe 7 Februari ni siku ya uhuru wa Grenada, walioupata mwaka 1974. Kingo za barabara zilikuwa zimepakwa nyekundu, manjano na kijani, na kila mtu alikuwa amevaa rangi hizo, hata mbwa wa jirani alifungwa kitambaa. Mama mwenye nyumba yetu, ambaye kufikia hapo alikuwa akituita wanawe, alitukaribisha uani kupika nao oil down, chakula cha taifa lao. Nilipoona mafiga matatu ya mawe na sufuria jeusi juu yake nilijua tuko salama. Chakula chenyewe ni shelisheli lililokatwa vipande vinene, likapangwa ndani ya sufuria pamoja na nyama ya chumvi, karoti, vidonge virefu vya unga vilivyoviringishwa kwa viganja, na manjano mengi, kisha likafunikwa kwa majani ya magimbi na kumiminiwa tui. Linachemshwa bila kukorogwa mpaka tui lote limenywewa na chini yamebaki mafuta tu, na hapo ndipo lilipopata jina. Nyama ya asili ni mkia wa nguruwe. Mama alituuliza kabla hatujasema, akatupikia sufuria yetu kwa samaki wa chumvi.

Ikafika zamu ya nazi. Mama alikuwa akikuna kwa bati lililotobolewa kwa msumari, akikwaruza vidole vyake, na Mombasa hakuweza kuvumilia. Aliuliza mbuzi iko wapi. Mtafaruku ukatokea, kwa sababu tulimtafsiria neno hilo kwa pupa, na jirani mmoja akaanza kutueleza kwamba mbuzi wake amefungwa nyuma ya nyumba. Mombasa akapiga magoti akachora mbuzi ya kukunia mchangani, ubao wake, mguu wake na ulimi wa chuma wenye meno, kisha akaikalia ile hewa kwa upande na kukuna nazi isiyokuwapo kwa mikono miwili, huku uani kote watu wakimpigia makofi kwa mwendo mmoja. Mama akasema atamwambia fundi amtengenezee. Ugomvi mdogo ulizuka pia juu ya tui: Mombasa alitaka la pili litangulie na la kwanza lije mwishoni, Mama alitia yote pamoja. Nikionja nilikuwa upande wa Mama, lakini sikulisema hilo mpaka tulipofika Toronto.

Nilikula nikifikiria lile shelisheli. Kwetu jina lake limebeba visiwa vya Shelisheli, na kule lilifika kwa merikebu ya Nahodha William Bligh, aliyelitoa Tahiti na kushusha miche kisiwa jirani cha St. Vincent mwaka 1793, kwa sababu wenye mashamba ya miwa walitaka chakula cha bei rahisi cha watumwa wao. Wajukuu wa watumwa hao ndio waliokuwa wamenizunguka, wakilipika kwa namna ambayo bibi yangu angeitambua kwa macho yaliyofumbwa.

Mengine nitayapita upesi. Siku moja mvua fupi ilitukuta ufuo wa Morne Rouge, nikakimbilia mti uliokuwa karibu, na muuza madafu akanipigia ukelele wa kunivuta nyuma: ulikuwa manchineel, mti wa ufuoni wenye vitunda vya kijani kama tufaha dogo, ambao utomvu wake ukichanganyika na maji ya mvua huunguza ngozi kwa malengelenge, na tunda lake ni sumu. Afadhali kulowa. Siku nyingine tulikodi boti kwenda ghuba ya Molinière, ambako tangu 2006 kuna bustani ya sanamu chini ya bahari, kazi ya Mwingereza Jason deCaires Taylor. Wenzangu walizamia. Mimi nilivaa koti la kuokolea, nikashika ngazi ya boti kwa mkono mmoja, nikaingiza uso majini, na chini yangu nikaona watoto 26 wa saruji wameshikana mikono kwa duara, migongo yao imeota matumbawe, samaki wa manjano wakipita katikati yao. Nilikaa hivyo mpaka vidole vilivyoshika ngazi vikafa ganzi.

Siku ya saba, saa kumi jioni, niliweka ile ndoo chini. Sijui nilifanya nini tofauti. Masikio yaliingia majini, kelele za ufuo zikakatika, nikaanza kusikia mchanga ukisagika chini kwa sauti ndogo kama ya mchele unaopetwa. Nilipofungua macho mkono wa Bujumbura haukuwa tena mgongoni mwangu. Alikuwa amesimama mbali akizungumza na Dada habari za kodi ya nyumba, wala haniangalii. Sikuwa na kamba wala gunia. Hakuna aliyekuwa akinisubiri nipande na kitu. Nadhani nilielea dakika kumi. Mombasa anasema ni mbili.

Asubuhi ya kuondoka nilishuka saa kumi na mbili, nikaacha makubadhi karibu na povu, nikampigia mama simu. Kwao ilikuwa saa saba mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kwanza napanda kutoka shamba, maji yanajaa. Huko kwenu maji yako wapi saa hizi?"

"Yapo hapa hapa, mama."

"Yamejaa?"

"Hayajai wala hayapwi. Yapo tu, kutwa kucha."

Alinyamaza, nikasikia upepo wa Jambiani ukipiga kwenye simu yake, na wanawake wakipita nyuma wakiitana.

"Basi pweza," akauliza, "mnamtoa vipi?"